Mafuta Yavujayo na Ustadi wa Jua Kali

Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu zibebe abiria pasipo leseni ya uchukuzi, magari makuukuu, ambayo hapo kabla yalipita kwa kuviziana na askari, yalizidi katika njia za Nairobi ziendazo Kaloleni, Makongeni na Jericho; na gari kuukuu halikosi kuvuja mafuta. Basi mafundi wa jua kali, wafanyao kazi nje juani, wa Gikomba na wa Grogan (barabara yenyewe siku hizi ni Kirinyaga, lakini nani husema hivyo?) wakapata riziki.

Fundi mahiri hakukimbilia spana. Aliiosha injini kwa mafuta ya taa, akaifuta hata ikakauka, akainyunyizia poda, kisha akaiacha ingurume; kwa kuwa mafuta huteremka kwa uzito wake, na upepo wa mwendo huyarudisha nyuma, tone lionekanalo chini ya sampu, yaani bakuli la mafuta, aghalabu asili yake ni juu, penye kifuniko cha tapeti, na mwenye pupa aliyebadili gasketi ya sampu alirudishiwa gari likivuja vilevile. Wajuzi walichungua pia bomba la kupumulia, kwani likiziba, hewa iliyofungiwa ndani huzisukuma sili zote, wala sili mpya haidumu.

Gasketi zenyewe, kwa ughali wa vipuri vya ng'ambo, zilikatwa papo hapo: karatasi ngumu ilitandazwa juu ya chuma, ikagongwagongwa kwa nyundo ndogo kufuata ukingo hata ikajikata, na matundu ya bolti yakatobolewa kwa kichwa cha mviringo cha nyundo ile ile. Ufundi huu wa juani ulikwisha kupata mtetezi: Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 iliishauri Serikali iache kuwabughudhi watu wa namna hii. Walakini ilikuwa 1985 ndipo Rais Moi, alipozuru Kamukunji, alipowaahidi mafundi vibanda vya kuwasitiri na jua.

Miaka ya 1990 biashara ilifunguliwa, yakaingia kwa wingi magari yaliyotumika Japani, na silikoni ya mrija ikaishinda karatasi. Si dawa mbaya, illa hupakwa bila kiasi, ikamenyeka ndani ya injini na kuziba chujio la pampu ya mafuta, na injini nzima ikafa kwa sababu ya doa dogo. Nawe msomaji mwenye gari, usikubali kuuziwa gasketi yoyote kabla injini haijaoshwa.