Moto Unahama, Kuta Zinabaki

Benaco ni jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara hapa. Kampuni ilimaliza kazi ikaondoka, jina likabaki Kasulo, na mpaka leo mtu akishuka kwenye lori linaloelekea Rusumo, mpakani na Rwanda, hasemi ameshuka Kasulo, anasema ameshuka Benaco. Mji ulioanza hivyo haukuwahi kuyazoea mambo ya kudumu. Dereva analala usiku mmoja, mfanyabiashara anapanga chumba cha mwezi, mkimbizi alifika kwa siku moja na kuondoka kwa amri. Mimi ni mwashi, mzaliwa wa wilaya hii ya Ngara, na kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa kujenga na kubomoa majiko ya watu. Ukibomoa jiko unaona historia ya nyumba kuliko ukibomoa sebule. Sebule hupakwa rangi upya kila Krismasi. Jikoni masizi hayadanganyi.

Bibi mzaa mama yangu alipikia ndani ya msonge. Mafiga matatu yalikaa katikati, na juu yake palining'inia uchaga wa fito. Pale juu palikauka mbegu za mahindi na mtama, kuni mbichi, na nyama ikipatikana. Moshi haukuwa na dirisha la kutokea; ulipanda taratibu ukapenya nyasi zenyewe, na kwa njia hiyo uliwafukuza wadudu waharibifu wa nafaka, ukazikausha nyasi zisioze upesi. Watu wa leo wakiiona picha ya nyumba ile husema ni ushamba. Mimi naona mpango. Bibi aliketi kwenye kigoda, na bila kuinuka aliufikia mwiko, mtungi wa maji, ungo wa unga na rundo la kuni. Gharama yake ilikuwa macho mekundu na kikohozi kisichokwisha, na sitamshauri mtu yeyote kuirudia. Ila ule ukaribu wa mikono na vyombo sijauona tena katika majiko mengi niliyoitwa kuyatengeneza.

Mapumziko ya macho yalikuja na nyumba ya pembe nne. Miaka ya 1974 hadi 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, watu nchini walihamishiwa kwenye mistari ya nyumba kandokando ya barabara, na nyumba bora ikawa yenye sebule, vyumba na madirisha. Moto ulitolewa nje. Ukapewa banda nyuma ya nyumba, na banda lilijengwa mwisho, kwa kile kilichobaki: fito zilizopinda, nusu ya mlango, bati lililotoboka. Fedha zilikuwa za baba na alianza na chumba cha kupokelea wageni. Mama alipata banda lenye mlango mmoja, bila dirisha, na sasa akitaka chumvi inabidi avuke ua. Huwa nasema bila kuficha kwamba katika ujenzi wetu hapa ndipo jiko lilipoharibika, si katika msonge.

Halafu ukaja mwaka 1994, wa mauaji ya kimbari huko Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya saa 24, Wanyarwanda kati ya 170,000 na 250,000, kutegemea hesabu ya nani, walivuka daraja la Rusumo na kumiminika hapa Benaco. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia vita, na walikuwamo pia waliokimbia damu waliyoimwaga wenyewe. Mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti. Usiku ule vilima vyetu viligeuka mji mkubwa kuliko Mwanza ya utoto wangu, mji wa matawi na turubai za bluu, na kila kaya ndani yake ilihitaji kupika.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jiko ni nini. Chakula cha msaada kilikuwa mahindi na maharage makavu, na mahindi mengi yalikuja punje nzima. Punje nzima isiyosagwa haiivi kwa kuni mbili. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilikadiria kwamba kambi za mkoa wa Kagera, zilipofurika kabisa, ziliteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Miti ya karibu iliisha kwanza, ikafuata ya mbali, na wanawake na watoto wakawa wanatembea nusu siku kwa mzigo mmoja. Mwishoni eneo la misitu lililoguswa lilihesabiwa kuwa kilomita za mraba 570, na kati ya hizo 167 ziliharibiwa vibaya. Sisi wenyeji tulilalamika, na tulikuwa na haki. Lakini pia tuliwauzia kuni, na hilo huwa halisimuliwi.

Mashirika ya misaada yakaanza kufundisha mambo ambayo mwanzoni yalionekana ya kitoto. Loweka maharage tangu jana yake. Pasua kuni na uzianike. Funika sufuria. Zungushia mafiga ukuta wa udongo ili upepo usile moto. Udongo mzuri ulikuwa wa kichuguu, ukichanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukakandwa kwa miguu na kulazwa. Jiko lilijengwa kuifuata sufuria yenyewe: unaiweka katikati, unapandisha udongo kuizunguka, unaizungusha kidogo ili iachie, na sufuria inazama mpaka karibu na masikio yake. Kinywa cha kuni kinaachwa chembamba. Nilikuwa kijana wa kubeba tofali wakati huo, na niliona mama mmoja akipikia vijiti vinne chakula ambacho nyumbani kwetu kilikula tita la kuni. Kisha alifanya jambo jingine ambalo hakuna shirika lililomfundisha: alilipiga jiko lake lipu laini na kulichora pembe za meno ya msumeno, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wengi wa waliovuka walitoka Kibungo, jirani yetu ng'ambo ya mto, na huko ndiko kwenye sanaa ya imigongo, inayofinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu kisha ikapakwa rangi. Mtu aliyekuwa na turubai moja juu ya kichwa alitaka jiko lake lipendeze. Tangu hapo mteja akiniambia urembo wa jikoni ni anasa ya matajiri, namsikiliza tu.

Desemba 1996 serikali yetu na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wakarudi kwa miguu, barabara ile ile. Wakimbizi wa Burundi waliendelea kuwapo katika kambi ya Lukole miaka mingi baadaye, ila Benaco ya kambi ilikwisha. Mvua za mwaka uliofuata ziliyayeyusha majiko ya udongo, visiki vikabaki.

Kilichofuata kilikuwa mkaa, na sisemi mengi juu yake kwa sababu kila msomaji anaujua. Uliingia na malori na biashara ya barabarani; magunia yalipangwa pembeni, dereva akipita ananunua. Jiko la bati lenye udongo ndani, lile lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, lilibebeka, na hapo moto ukarudi ndani ya nyumba kwa mlango wa uani: korido, baraza, kona ya chumba cha kulala siku ya mvua. Nikivunja sakafu za nyumba za miaka hiyo nakuta duara nyeusi zilizopasua saruji. Hakuna aliyepanga mahali pa jiko, kwa hiyo kila mahali palikuwa jiko. Na hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa inaua, mtu analala asiamke.

Jiko la kupangwa, lenye kaunta na sinki na makabati ukutani, lilitufikia kutoka mbali, na asili yake wengi hawaijui. Mwaka 1926 mwanamke wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt, Ujerumani: upana mita 1.9, urefu mita 3.4. Yalijengwa kama 10,000. Alijifunza kutoka majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, ambamo mpishi husimama mahali pamoja na kufikia kila kitu. Nilipoyasoma hayo nikamkumbuka bibi na kigoda chake. Mwanamke huyo mwenyewe alikiri kwamba kabla ya kulibuni hakuwahi kupika. Hilo halinishangazi sana, maana hata mafundi wengi ninaofanya nao kazi hawajawahi kusonga ugali, na wanaweka sinki upande ambao mpishi atalazimika kuvuka moto akiwa na sufuria ya maji yanayochemka.

Sasa ni gesi na umeme. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa tayari zimeamriwa kuacha kuni na mkaa tangu mwisho wa Januari mwaka huo. Na pale pale Rusumo, walipovuka wale watu, maporomoko sasa yanazalisha megawati 80 za umeme zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mimi napenda umeme. Sufuria ya presha inaivisha maharage kabla mtu hajamaliza kufua. Lakini mtungi wa gesi unatufikia baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, na ukichelewa, mama analitoa jiko la mkaa chini ya ngazi na kuliwasha juu ya vigae vya bei mbaya. Vigae vinapasuka. Naitwa mimi.

Basi jiko ninalojenga sasa silijengei moto mmoja. Msonge ulijengwa kwa kuni, korido ilizoea mkaa, na majiko ya picha za kwenye simu yanajengwa kama vile gesi haitaisha duniani. Kila moto ulipohama, jiko lilibomolewa. Kaunta yangu ni zege la inchi tatu lenye nondo, limelazwa juu ya vijiukuta vya tofali za kuchoma, na chini yake naacha uwazi. Leo uwazi ule unawekwa droo, kesho unaingia mtungi mtupu, keshokutwa gunia la mkaa. Bomba la moshi nalipandisha toka msingi hata mteja akiapa kwamba hatawasha kuni maisha yake yote. Nikilifunika kwa kigae kimoja hapo chini hakuna anayeliona. Mtungi unaotumika naukalisha nje ukutani, kwenye kijumba chenye matundu chini, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Dirisha linaelekeana na mlango. Sakafu ina mteremko mdogo kuelekea tundu la maji, maana huku kwetu jikoni panaoshwa kwa ndoo.

Urefu wa kaunta siuchukui kwenye kitabu. Namwita mpishi asimame, akunje mkono, na napima kutoka kiwiko chake kushuka ngumi moja na zaidi kidogo. Kwa wengi inaangukia sentimita 85 hadi 90. Ila kusonga ugali wa watu wanane hakutaki kimo hicho. Sehemu moja naishusha mpaka magotini, na pembeni yake naweka benchi la tofali la kukalia. Wateja wa mjini hucheka benchi hilo. Baada ya miezi michache ndiko mama mkwe anakokaa kuchambua mboga, na hakuna anayelitaka livunjwe.

Makabati ya MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa, yanavutia dukani. Mvua za Ngara zikianza yananyonya unyevu, yanavimba kwenye miguu, na bawaba zinang'oka na vumbi la mbao hizo. Mbao halisi iliyokauka vizuri ni ghali, hivyo nashauri milango michache ya mbao halisi na shelfu za zege lililosuguliwa. Rangi ya mtindo wa mwaka huu naiacha ukutani, ambako kopo moja linaibadilisha. Juu ya kaunta, mteja akikubali, napanga mstari wa vigae vyeusi, vyeupe na vyekundu kwa zile pembe za msumeno. Hakuna aliyewahi kuniambia zimepitwa na wakati.

Ugomvi uliobaki ni wa kisiwa, ile kaunta ya kusimama peke yake. Kila anayejenga anakitaka kile kilichoko kwenye picha, katikati ya chumba cha mita tatu kwa mita tatu, na mimi namuuliza siku ya msiba atapikia wapi. Msiba unakusanya mtaa mzima. Sufuria ni zile za kubebwa na watu wawili, na hakuna mtungi wa kilo 6 utakaozivumilia. Hizo hupikwa kwa kuni, uani, chini ya paa lenye kivuli, na wanawake wa mtaa wote wanapaswa kuweza kulizunguka jiko bila kugongana. Kwa hiyo nachora pia banda la nje: nguzo nne, ukuta wa kiuno upande wa upepo, mafiga ya tofali yaliyozungushiwa udongo wa kichuguu, na kichanja cha vyombo. Mama mwenye nyumba huwa hapingi. Mume ndiye anayepiga hesabu ya mabati, anakuna kichwa, kisha anauliza kisiwa kile kingegharimu kiasi gani.