Mafuta, umeme na ngozi iliyoungua

Jumamosi ya Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikimbilia pale na madumu kuchota mafuta, kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki. Majeruhi walijaza wodi za hospitali ya mkoa mjini Nakuru, na wengine wakapelekwa Nairobi, mji ambao siku tatu tu kabla ulikuwa umeshuhudia duka la Nakumatt likiteketea.

Kwa aliyenusurika moto, vita vya pili ni vya vijidudu. Ngozi ikishaungua, mlango uko wazi. Krimu nyeupe ya silva sulfadayazini, inayojulikana sana katika wodi za majeraha ya moto, ilitokana na kazi ya Charles Fox wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1968. Dawa iliyoitangulia, mafenidi, iliua vijidudu vizuri lakini ilimuuma mgonjwa vibaya.

Sikio ndilo lililowashinda madaktari. Gegedu lake halina mishipa ya damu, kwa hiyo dawa ya sindano hailifikii; nalo gamba la ngozi iliyokufa huizuia dawa ya kupaka. Mwaka 1965, madaktari wa Marekani waliandika kuhusu kuisukuma dawa ya kuua bakteria ndani ya jeraha la moto kwa mkondo mdogo wa umeme. Mwaka 1980 wenzao walieleza njia hiyohiyo ikitumiwa kwa masikio yaliyoungua.

Mbinu yenyewe, ayontoforesisi, ilikuwa kongwe. Aliyeipa sura ya kisayansi ni Stéphane Leduc, daktari wa Nantes, Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa jaribio la kikatili. Aliunganisha sungura wawili katika mkondo mmoja wa umeme, mmoja akiwekewa striknini kwenye ncha chanya na mwingine sianidi kwenye ncha hasi. Wote wawili walikufa. Alipogeuza mkondo kwa sungura wengine, hawakudhurika. Chaji chanya husukumwa na ncha chanya na chaji hasi na ncha hasi. Sumu iliingia mwilini pale tu ilipowekwa kwenye ncha yenye chaji kama yake.

Tangu hapo mbinu hiyo imekuwa na bahati ya kupanda na kushuka. Mwaka 1959, Gibson na Cooke waliitumia kuingiza pilokapini ngozini ili kutoa jasho la kupimwa ugonjwa wa sistiki faibrosisi, na kipimo hicho kipo hadi leo. Zecuity, kibandiko cha umeme cha kipandauso, kiliingia sokoni Marekani mwaka 2015. Kufikia Juni 2016 mauzo yake yalikuwa yamesimamishwa, maana baadhi ya watumiaji waliungua na kubaki na makovu. Kejeli iliyoje!

Afrika Mashariki nayo imeujaribu umeme kwa njia nyingine. Nairobi, Entebbe na Kigali, watu wa kujitolea wasio na virusi vya ukimwi walidungwa chanjo ya majaribio ya DNA dhidi ya virusi hivyo huku mipigo mifupi ya umeme ikifungua vitundu vya muda katika seli za msuli ili chanjo ipenye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Na mafuta ya kupaka je? Hayo ndiyo yaliyobaki pembeni muda wote huo. Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa zilizogandishwa kwa mafuta, kwa hiyo dawa yenye mafuta huzoeana nalo kwa urahisi. Mwaka 2016 Ulaya iliidhinisha Episalvan, jeli ya mafuta ya alizeti iliyogandishwa kwa dondoo la gome la mti wa birch, kwa vidonda vya juu juu vya ngozi, vya moto vikiwemo. Lakini mafuta hayapitishi umeme. Jeli kama hiyo ukiiweka chini ya elektrodi, mkondo hukwama, ndiyo maana ayontoforesisi imetegemea maji na chumvi tangu enzi za Leduc.

Watafiti, wakiwemo wa National Institute of Technology mjini Rourkela, India, wanatafuta suluhu kwa kukoroga jeli ya mafuta pamoja na jeli ya maji. Maji hubeba chaji, mafuta hulainisha tabaka la juu, na metronidazoli, dawa inayojulikana katika kila duka la dawa, imetumika mara nyingi kupima ni kiasi gani kinachovuka.