Kengele za wodini zilizomfanya daktari aombe radhi

Julai 2020 kiwango cha kimataifa cha kengele za vifaa tiba, IEC 60601-1-8, kilirekebishwa. Humo ikaingia milio ambayo sikio la kawaida linaielewa: mapigo ya moyo kwa tatizo la moyo, mtikisiko wa vidonge koponi kwa tatizo la dawa. Kazi hiyo iliongozwa na Judy Edworthy, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza. Kuna watu walioteseka sana na milio iliyotangulia.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Takuo Aoyagi wa Japani alibuni njia ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga unaofuata mapigo ya damu. Miaka ya 1980 kampuni ya Nellcor ikaleta mashine ambayo mlio wake hushuka kadiri oksijeni inavyopungua. Kisha kila kiwanda kikaweka sauti zake, na chumba cha upasuaji kikajaa makelele.

Ndipo Frank Block, daktari wa usingizi wa Marekani, na wenzake walipotunga tuni, kila hatari na yake. Moyo ulipewa mwito wa tarumbeta. Upumuaji, sauti inayopanda na kushuka kama mapafu. Mwaka 2003 tuni hizo zikaingia katika kiwango. Kasoro yake ilikuwa kubwa: kengele zote za dharura zilikuwa na mdundo uleule, milio mitatu, kisha miwili, halafu tena. Mtafiti Penelope Sanderson na wenzake, huko Australia, walipowapima watu waliokwisha kufundishwa, bado walizichanganya. Mwaka 2008 Block akaandika katika jarida la *Anesthesia & Analgesia*, chini ya kichwa alichokitoa kwenye mstari wa tarumbeta wa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, akaomba radhi kwa kengele hizo. Wataalamu wachache wamewahi kufanya hivyo, nami namheshimu.

Lakini tuni nzuri haitoshi. Mwaka 2013 Joint Commission, taasisi inayokagua hospitali za Marekani, ilitangaza matukio 98 ya madhara yaliyohusiana na kengele, yaliyoripotiwa katika miaka mitatu na nusu. Wagonjwa 80 walifariki. Katika matukio 36 kengele ilikuwa imezimwa isivyopaswa. Katika 25 haikusikika kila mahali.

Kwetu Afrika, shirika la Lifebox, lililoanzishwa 2011, limesambaza vipimo vya oksijeni vyenye mlio. Hata hivyo mashine nyingi za msaada hupokelewa kwa picha na hotuba, bila fundi wa vifaa tiba kuulizwa lolote. Hilo linauma. Kila mashine inapowashwa, mtu asikilize mlio wake wa majaribio. Kisha fundi aichokoze ilie kweli, huku muuguzi ameketi kwenye meza yake, mlango umefungwa na feni inazunguka. Asiposikia, mashine hiyo isifungwe kwa mgonjwa.