Tiketi ya Udaktari: Kutoka Philadelphia hadi Baltimore

Njia ya elimu ya udaktari nchini Marekani inaanzia Philadelphia mwaka 1765. John Morgan, aliyekuwa amesomea Edinburgh, alianzisha huko shule ya kwanza ya udaktari katika makoloni ambayo baadaye yalikuja kuwa Marekani. Alitaka mwanafunzi apate kwanza msingi wa lugha na sayansi, ndipo amguse mgonjwa.

Karne iliyofuata ilimwacha Morgan mbali. Madaktari wachache walikodi ukumbi, wakajiita chuo. Mwanafunzi alinunua tiketi za mihadhara, na fedha zikaingia mifukoni mwa wahadhiri wenyewe. Muhula ulikuwa wa miezi minne hivi, na mwaka wa pili alisikiliza mihadhara ileile. Wengi walihitimu bila kumhudumia mgonjwa hata mmoja. Ni mwalimu gani angemfelisha anayemlisha?

Hata Harvard haikusalimika. Charles Eliot alipoanza kukiongoza chuo hicho mwaka 1869, aliyefaulu masomo matano kati ya tisa alipewa shahada. Alipodai mitihani ya kuandika, alijibiwa kwamba wanafunzi wengi hawajui kuandika sawasawa. Hakurudi nyuma. Kuanzia 1871 masomo yakawa ya miaka mitatu, na walimu wakalipwa mshahara na chuo.

Mwaka 1893 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilifungua shule yake ya udaktari Baltimore, hospitali ikiwa pembeni. Ilidai shahada ya kwanza, tena ikapokea wanawake, kwa kuwa mfadhili Mary Garrett alitoa fedha kwa sharti hilo.

Kwa kipimo cha Johns Hopkins, Abraham Flexner, mwalimu wa shule asiye daktari, alizikagua shule 155 za Marekani na Kanada. Ripoti yake ya 1910 ilifichua maabara zilizosifiwa kwenye matangazo tu. Shule nyingi zilifungwa, na wagonjwa wakaepushwa na madaktari wa kununua cheti.

Lakini kati ya shule saba za Wamarekani Weusi, Flexner alitetea mbili pekee, Howard na Meharry. Tano zilizobaki zilifungwa, huku vyuo vingi vya wazungu vikiwakatalia Weusi nafasi. Fedha nazo zilielekea kwa shule zilizokuwa tayari imara: mwaka 1913 Johns Hopkins ilipokea dola milioni 1.5 kutoka mfuko wa tajiri Rockefeller. Kupandisha kiwango kulikuwa haki ya mgonjwa. Kuziacha shule maskini zife, badala ya kuzipa uwezo wa kukifikia kiwango hicho, kuliwanyima wagonjwa Weusi madaktari waliokuwa tayari kuwatibu.