Askari wa miavuli: Arnhem ya kompyuta na Stanleyville ya kweli

Tuliwaahidi kuandika juu ya ule mchezo wa vita kwenye kompyuta, Arnhem 1944, unaotushinda kila Jumamosi. Haya, leo tunatimiza.

Kosa letu ni moja: tunaogopa mizinga, basi tunawashusha askari mbali. Wakimaliza kukusanyika na kutembea, adui ameshashika daraja. Waingereza wenyewe walifanya hivyo hivyo, wengi walishukia karibu kilomita 10 kutoka darajani. Na askari wa mwavuli hana silaha nzito, risasi ni zile alizobeba. Nguvu yake ni ile saa ya kwanza tu.

Sasa tutoke Ulaya, turudi kwetu. Tarehe 5 Agosti 1964 waasi wa Simba waliteka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Sisi tuliotoka Uvira na Fizi tujue kwamba mambo yale yalipangwa pia hapa hapa Bujumbura: Gaston Soumialot alikuwa hapa mwanzoni mwa mwaka ule, na mwezi wa 5 Uvira ikaanguka. Simba walipoanza kushindwa, waliwashika wazungu mateka.

Tarehe 24 Novemba, saa 12 asubuhi, ndege 5 za Marekani kutoka Kamina ziliwadondosha Wabelgiji 320 wa Kanali Charles Laurent. Hawakushukia porini. Walishukia uwanja wa ndege wenyewe, wakaondoa mapipa na magari yaliyoziba njia, na ndani ya saa moja hivi ndege nyingine zikaanza kutua. Kwa mchezaji, hiyo ni kazi safi kabisa.

Lakini mpaka katikati ya mji zilibaki kilomita 3 hivi. Simba waliposikia risasi, waliwatoa mateka karibu 250 kwenye hoteli Victoria, wakawaketisha barabarani, wakawafyatulia. Wabelgiji walifika dakika chache baadaye. Karibu watu 20 walikuwa wamekufa au wanakufa, mmoja wao daktari Mmarekani Paul Carlson. Waliookolewa mjini walipita 1,500.

Hapo tulibishana mpaka umeme ukakatika. Wengine: kushuka karibu kuliwaokoa. Wengine: kishindo cha ndege ndicho kilichowaua wale 20. Halafu mzee mmoja aliyekuwa anatusikiliza akauliza, "Na Wakongomani?"

Tukanyamaza. Mwezi haujaisha, wale askari wakawa wameshaondoka. Wakongomani waliuawa kwa maelfu, kwanza na Simba, kisha na jeshi la serikali pamoja na mamluki, na hakuna ndege iliyotumwa kwa ajili yao. Mchezo wetu nao ni hivyo hivyo: nyumba za mji zipo, wenye nyumba hawamo.

Jumamosi tunarudia Arnhem, safari hii tunashuka kando ya daraja. Mwenye bibi au babu anayekumbuka 1964, aje naye akiweza kutembea.