Jinsi ya kulinda siri na akaunti yako katika majukwaa ya gumzo

MAZUNGUMZO ambayo zamani yalifanyiwa barazani, siku hizi aghalabu hufanyiwa kwenye simu. Kupitia WhatsApp, Telegram na majukwaa mengine ya gumzo, Wakenya huchangishana pesa za matibabu, hupanga harusi na matanga, na kutumiana picha za vitambulisho. Kwa sababu hiyo, anayefaulu kuiteka akaunti ya mtu hupata pia marafiki zake na imani ambayo wamekuwa nayo kwake kwa miaka mingi.

Watumiaji wengi hudhani kwamba jukwaa lenyewe huwalinda. Tangu Aprili 2016, ujumbe wa WhatsApp hufumbwa kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, hivi kwamba hata kampuni inayomiliki huduma hiyo haiwezi kuusoma. Telegram, iliyoanzishwa 2013, hufanya hivyo tu katika gumzo la siri, ambalo sharti mtumiaji alianzishe mwenyewe.

Hata hivyo, ufumbaji huo hulinda ujumbe ukiwa safarini. Haumzuii mtu aliyeishika simu, wala aliyekabidhiwa nambari ya siri na mwenyewe. Hapo ndipo matapeli hupitia.

Mtego wa tarakimu sita

Mtu anaposajili WhatsApp kwenye simu nyingine, huduma hiyo hutuma nambari ya uthibitisho yenye tarakimu sita kwa laini yake. Tapeli huingiza nambari ya simu ya anayemlenga, kisha humwandikia akidai kwamba tarakimu hizo zimetumwa kwake kimakosa na kumsihi amrejeshee.

Mara nyingi ombi hilo hutoka kwa akaunti ya rafiki au jamaa ambayo tayari imetekwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na ndiyo maana wengi huzitoa bila kushuku.

Akishazipata, tapeli humfungia nje mwenye akaunti na kuanza kuwaandikia jamaa zake: mtoto amelazwa hospitalini, pesa zinahitajika upesi kwa M-Pesa, zitarudishwa jioni. Dalili ya kwanza ya ulaghai ni kwamba nambari ya kupokea pesa si ya anayedaiwa kuomba. Anayepokea ombi la aina hiyo ampigie mhusika simu ya kawaida na kuzungumza naye kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Hatua za kuchukua mapema

Kinga ya kwanza ni kutompa mtu yeyote tarakimu hizo, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni.

Ya pili ni uthibitisho wa hatua mbili, unaopatikana katika mipangilio ya akaunti. Mtumiaji hujichagulia nambari yake ya siri, ambayo tapeli atahitaji hata akiwa na zile tarakimu sita. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala isifanane na ile ya M-Pesa. Ni vyema pia kuongeza anwani ya baruapepe, itakayosaidia iwapo nambari hiyo itasahaulika.

Ya tatu ni kukagua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti. Aliyefungua gumzo lake kwenye tarakilishi ya ofisini au ya saiba bila kuliondoa, amemwachia mwingine nafasi ya kusoma kila kinachoingia. Kifaa kisichojulikana kiondolewe papo hapo.

Aidha, nakala za akiba zinazohifadhiwa nje ya simu hazifumbwi kwa kiwango sawa na ujumbe, isipokuwa mwenyewe awashe kinga hiyo, ambayo WhatsApp iliianzisha 2021.

Katika makundi ya WhatsApp, mara nyingi wanachama huweza kuiona nambari ya simu ya mwenzao. Mipangilio humwezesha mtumiaji kuamua ni nani anayeweza kumwingiza kundini. Nao ujumbe unaojifuta baada ya muda si siri kamili, kwani mpokeaji anaweza kuupiga picha kwa simu nyingine.

Akaunti ikitekwa

Mwathiriwa aisajili upya WhatsApp kwa nambari yake mara moja. Akiingiza tarakimu sita zitakazotumwa kwenye laini yake, tapeli hutolewa. Iwapo tapeli alikuwa ameweka uthibitisho wa hatua mbili, mwenyewe atasubiri siku saba kabla ya kuitumia tena akaunti, lakini tapeli hatakuwamo.

Wakati huo huo, awaarifu jamaa kwa simu ya kawaida au arafa ili wasitume pesa, kisha apige ripoti katika kituo cha polisi. Ikiwa laini yenyewe imezimika ghafla bila sababu, huenda imehamishiwa kadi nyingine. Hapo sharti awasiliane kwanza na kampuni ya simu ili laini ifungwe.

Sheria iko upande wa mwathiriwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda usiri wa mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni inatoza faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili, kwa anayeingia bila idhini katika mfumo wa tarakilishi wa mwenzake. Lakini kesi huchukua muda, na pesa zilizokwisha kutolewa kwa wakala ni vigumu kuzirejesha. Uthibitisho wa hatua mbili huwashwa kwa dakika chache tu.