Tabo, Maji na Barafu

Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilianza kuuza gari ambalo halikutosheka na petroli peke yake. Chini ya boneti lilikuwa na tangi dogo la kimiminika kilichopewa jina la mbwembwe, Turbo Rocket Fluid, ingawa ndani yake hamkuwa na cha ajabu: maji yasiyo na madini, methanoli, na dawa kidogo ya kuzuia kutu. Gari hilo, Jetfire, lilikuwa na injini ya V8 ya lita 3.5 yenye nguvu farasi 215. Mchanganyiko ule ulinyunyizwa kwenye hewa iliyosukumwa na tabo (kifaa cha kubana hewa), ili iingie kwenye silinda ikiwa imepoa. Tangi likikauka, vali ilipunguza msukumo wa tabo na Jetfire likawa gari kama mengine.

Nalo lilikauka mara kwa mara. Taa ya onyo ilikuwepo, lakini watu waliozoea petroli, oili na maji ya rejeta hawakuwa tayari kuhangaika na tangi jingine. Wengi walirudi kwa wauzaji wakilalamika kwamba gari limekuwa zito. Magari mengi yaling'olewa tabo na kufungwa kabureta ya kawaida, na baada ya mwaka 1963 Jetfire halikutengenezwa tena. Yaliyokuwa yameuzwa hayakufika 10,000. Wahandisi walikuwa wamepiga hesabu zote sawasawa, isipokuwa hesabu ya uvivu wa mwenye gari.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Ukijaza upepo tairi la baiskeli, pampu hupata moto mkononi. Tabo nayo hubana hewa, ila kwa gurudumu linaloweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ya nyuzi 30 za Sentigredi ikibanwa hadi mgandamizo wake uwe maradufu, kwenye tabo ya kawaida hutoka ikiwa na nyuzi 120 na ushee. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo oksijeni inayoingia kwenye silinda hupungua. Baya zaidi, petroli huanza kulipuka yenyewe bila kungoja moto wa plagi ufike. Hapo injini hugonga, na ikiendelea kugonga, pistoni hutoboka. Maji yanafaa kwa tabia yao moja: kilo moja ikigeuka mvuke hufyonza takriban kilojuli 2,260 za joto. Methanoli hufyonza karibu nusu ya hapo, lakini nayo huungua na kuongeza nguvu.

Oldsmobile hawakuwa wa kwanza kuligundua hilo. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Kijerumani za Messerschmitt Bf 109 zilitumia mchanganyiko wa maji na methanoli ulioitwa MW 50, ambao rubani aliruhusiwa kuutumia kwa dakika 10 tu mfululizo. Wamarekani walifunga mtambo wa maji kwenye P-47 Thunderbolt na injini ya nguvu farasi 2,000 ikapanda hadi 2,300 kwa muda mfupi. Waingereza walishika njia nyingine. Injini ya Rolls-Royce Merlin 61, iliyoingia vitani mwaka 1942 ndani ya Spitfire Mk IX, ilibana hewa mara mbili kisha ikaipitisha kwenye kipozeo kabla ya kuimeza. Tangu hapo wanaopoza hewa ya injini wamekuwa na njia mbili: kuinyunyizia maji, au kuipitisha kwenye kile ambacho gereji zetu hukiita intakula.

Watengenezaji wa magari walichukua muda kuamua. Saab ilitoa mtambo wa maji kwa wateja wa 99 Turbo waliotaka nguvu zaidi. Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975 haikuwa na intakula kabisa. Intakula iliwekwa mwaka 1978, ikakaa chini ya bawa la nyuma. Buick Grand National nayo ilingoja hadi mwaka 1986.

Pengo hilo liliachiwa fundi wa nyumbani. Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973, petroli ya oktani ya juu ilizidi kuadimika Marekani, na injini zilizokuwa zimetulia zikaanza kugonga. Maduka yaliuza vifaa vya kunyunyizia maji, kama Vara-Jection ya Edelbrock, lakini mwenye mkono mwepesi hakuona sababu ya kununua. Mtambo wa bei ya chini kabisa haukuwa hata na pampu: chupa ngumu yenye mfuniko wa kukaza, mpira mmoja ukileta upepo kutoka kwenye tabo, mwingine ukipeleka maji kwenye jeti ya kabureta iliyochomekwa kwenye bomba la hewa. Ukikanyaga mafuta, tabo yenyewe husukuma maji. Ukiachia, maji hukoma. Ni ubunifu mzuri kuliko mingi ya kiwandani.

Waliotaka zaidi walichukua pampu ya maji ya kioo cha mbele na swichi inayowaka msukumo ukipanda. Pampu hiyo ilikuwa dhaifu mno kushindana na tabo, kwa hiyo baadaye wakahamia pampu za kunyunyizia dawa mashambani, pamoja na nozeli za tanuri za mafuta zinazopasua maji yawe ukungu. Wamarekani walikuwa na bahati nyingine: maji ya bluu ya kusafishia vioo wakati wa baridi yana methanoli tayari, na huuzwa kila kituo cha mafuta.

Makosa yalikuwa ya gharama. Injini ikiwa saileni, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, ndani ya bomba la kuingizia hewa kuna mvuto, na mvuto huo hunyonya maji kutoka kwenye tangi hata pampu ikiwa imezimwa. Aliyesahau kuweka vali ya umeme ya kufunga njia angeweza kukuta silinda ina maji, na maji hayabanwi. Kinachopinda ni mkono wa pistoni. Nozeli iliyowekwa mbele ya tabo ikitoa matone makubwa, matone hayo hula mapanga yake taratibu.

Wengine walikwenda kwenye skrepa. Intakula ya lori la Isuzu NPR ilipendwa sana na Wamarekani waliounda magari ya mbio nyumbani, kwa sababu ni pana, ngumu na ya bei nafuu. Msomaji wa Kenya atalitambua lori hilo mara moja. Ndugu yake, NQR, ndilo linalobeba abiria kwenye matatu za viti 33. Kwa mbio fupi za mita 400 kulikuwa na barafu. Wenye haraka waliweka mifuko ya barafu juu ya intakula wakingoja zamu. Wenye subira walifunga intakula ya maji, inayopozwa kwa maji badala ya upepo, wakajaza barafu kwenye sanduku nyuma ya kiti na kuyazungusha maji kwa pampu ya kutolea maji mashuani.

Afrika Mashariki iliingia kwenye habari hii kupitia Safari Rally. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica Twin Cam Turbo, gari la kwanza la tabo kushinda mashindano hayo. Aliposhinda tena mwaka 1990, Celica GT-Four yake ilipoza hewa kwa intakula ya maji. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na joto huzidi.

Subaru Impreza zilizofuata ziliweka intakula juu ya injini. Gari likitembea, tundu la boneti huiletea upepo. Likikwama kwenye foleni, intakula huota joto la injini iliyo chini yake. Baadhi ya STI za soko la Japani zina tangi kwenye buti na swichi ya kurushia maji juu ya intakula, kwa nje, si ndani ya injini. Asiye nayo anaweza kujitengenezea kwa pampu ile ile ya kioo cha mbele, na hapa kosa halivunji kitu.

Mwaka 2015 BMW ilionyesha gari la majaribio lililonyunyiza maji ndani ya injini na kuyapata bila kumsumbua dereva: yalikuwa matone ya kiyoyozi, yale yanayochirizika chini ya kila gari lililoegeshwa Mombasa likiwa linanguruma. Lakini M4 GTS iliyouzwa kwa wateja muda mfupi baadaye haikupewa mpango huo. Ina tangi la lita tano kwenye buti, na mwenyewe hulijaza.